Msumeno wa Kamanzi

Mimi ni fundi mwenye hasira za karibu, bora mjue mapema. Mwisho wa mwaka tisini na nne, nilipokuwa nimerudi karibuni kutoka ukimbizini Karagwe na kufungua kibanda cha kutengeneza mashine mtaa wa Gisimenti, Gahongayire aliniletea msumeno wa mnyororo wa marehemu mumewe. Kamanzi alikuwa mpasua mbao wa kilima cha Rebero. Mama huyo alifuatana na shemeji yake, Silvère.

"Hii mashini ilikuwa naunguza kaka yangu mukono kila siku," Silvère alisema.

Nilifungua, nikaguna. Ekzosi, yaani bomba la moshi, ilikuwa ikicheza kama jino bovu. Bolti moja haikuwapo, mahali pake pamefungwa waya. Gasketi, kile kibati chembamba cha kuziba maungio, ilikuwa imeungua yote, moshi na moto vikitokea pembeni.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," nikasema. "Huyu bwana alijua kufunga mbuzi, siyo mashine."

Silvère alicheka. Mjane hakucheka, nami nikatamani kuumeza ulimi wangu.

Alinieleza haja yake. Kamanzi aliuawa katika mauaji ya kimbari ya mwezi wa nne, na mwili haukuonekana. Kwa desturi yetu, nyumba ikiwa katika ikiriyo, yaani matanga, zana za kazi hulala. Siku ya kuyaondoa ndipo hushikwa tena. Yeye hakuwa na kaburi la kuanzia kuhesabu siku. Kwa hiyo aliamua mwenyewe: Jumamosi Silvère angewasha msumeno mbele ya majirani, na matanga yaishe.

"Isipowaka, nitakaa kwa ikiriyo mpaka nikufe," alisema.

Basi nilifanya kazi kwa heshima. Nilikwangua masizi, nikakata gasketi mpya kwenye bati la kopo la mafuta ya msaada, nikatia bolti mpya na kuzikaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Nikavuta kamba. Msumeno ukawaka, ukanguruma kwa utulivu. Nilijiona fundi kwelikweli.

Gahongayire akatikisa kichwa. "Hapana. Hii haiko yake."

Hasira zikanipanda. Nikazima. "Mama, umeleta kibovu, nimekupa kizima. Kosa liko wapi?"

"Ile murio mubaya," alisema polepole, "nilikuwa naisikia toka ng'ambo ya kilima. Ikilia, najua bwana yangu iko muzima, naweka viazi kwa moto."

Hasira zote ziliniisha, nikabaki na huzuni tupu.

Bolti mpya hukazwa tena baada ya ekzosi kupata moto wa kwanza na kupoa. Nilingoja ipoe, lakini sikuzikaza. Nilizilegeza, nikatoa gasketi yangu, nikarudisha ule waya, kisha nikawasha.

Msumeno ulipiga kelele za kukwaruza masikio. Watu wakatoka kwenye baa ya jirani kutazama. Moto ulinibabua vidole, nikavumilia. Gahongayire alifumba macho, machozi yakamtiririka, naye akatabasamu. Hatimaye akainua mkono.

"Inatosha. Sasa kaza, fundi."

Nilifungua tena, nikairudisha gasketi yangu na bolti mpya. Nilipokuwa nakaza, aliuokota ule waya uliopinda, akaufuta masizi kwa pindo la kitenge chake.

"Aliukunja na mikono yake," alimwambia Silvère. "Jumamosi tutachimba kaburi. Nimepata cha kuzika."