Simu ya Alhamisi

Mahadhi hakuwapenda watu, na mwaka ule wa themanini na sita hakujisumbua kulificha hilo. Kila Alhamisi saa nne asubuhi aliingia posta ya Malindi, akawapitishia macho waliojipanga kununua stempu kama mtu anayekagua samaki wa jana, kisha akajifungia kwenye kibanda cha simu.

Alikuwa mpishi mkuu wa hoteli moja Watamu kwa miaka ishirini. Sasa hakuweza hata kuwasha jiko. Akikaribia moto, mikono humtetemeka. Yalianza siku mtungi wa gesi ulipolipuka jikoni hotelini, na msaidizi wake Fondo, baba wa watoto watatu kutoka Kaloleni, akaungua na kufa siku ya tatu. Daktari aliipima ile mikono, asione ugonjwa. Akampa nambari ya Bi Easter wa Mombasa, mshauri wa watu waliofikwa na makubwa. Walio mbali aliwasikiliza kwa simu.

"Kusikiliza!" Mahadhi alimwambia mkewe. "Hata ukuta huu wasikiliza, na haukwenda chuoni."

"Basi kesho jiwashie jiko mwenyewe," akajibu Bi Harusi.

Ndipo akaenda. Na kila wiki alirudi na kichekesho. Mara sauti ya mwanamke yule ni ya mtu anayebembeleza mtoto mchanga. Mara amemuuliza kama anakula vizuri, yeye Mahadhi, aliyepikia mawaziri! Kilichomuudhi zaidi ni kwamba Bi Easter hakuudhika. Mahadhi alimtukana, naye akasema, "Nakusikia, Bwana Mahadhi. Endelea." Alinyamaza kwa makusudi, naye akanyamaza pamoja naye, mpaka muda ukaisha.

Alhamisi ya saba mvua ilikuwa imenyesha na waya wa simu ulikuwa ukikoroma. Bi Easter akauliza, "Ulimwambia nini Fondo mara ya mwisho?"

Mahadhi alitaka kumjibu kwa kejeli. Kinywa kikamsaliti.

"Alikuwa ashatoka nje," alisema kwa sauti ya chini. "Nikamrudisha akafunge gesi."

"Sikusikii, baba. Waya mbaya."

"Nilimrudisha ndani!"

"Neno la mwisho limekatika. Ulimwambiaje?"

"Mwoga!" Mahadhi akapiga kelele, ngumi ukutani. "Nilimwita mwoga mbele ya wenzake, akarudi motoni, na mimi nimesimama nje!"

Kupitia kioo aliwaona watu wote wa posta wamemgeukia. Bwanamkuu muuza vitambaa, ambaye Mahadhi hakuwahi kumjibu salamu, alikuwa ameshika bahasha mdomoni, hajailamba. Mahadhi alitafuta la kumdharau mtu yule, asilipate. Dharau yote ilikuwa imemrudia mwenyewe.

"Sasa nimesikia," alisema Bi Easter taratibu. "Ulibeba peke yako muda mrefu. Mke wa Fondo anajua?"

"Hajui."

"Ungependa alipate kwako, au kwa hao walioko nje ya kibanda?"

Jumamosi Mahadhi alivuka kwa feri ya Kilifi, akapanda hadi Kaloleni. Kadii, mjane wa Fondo, alikuwa uani akimenya muhogo. Hakumpa kiti. Mahadhi akayasema yote akiwa amesimama juani, bila kujitetea.

Kadii hakuinua macho. "Najua," alisema. "Alinieleza kabla hajafa. Mwaka mzima nangoja nione kama una uso wa kuja."

"Nimekuja."

"Nimekuona. Sasa nenda."

Hakumsamehe, wala Mahadhi hakuomba. Njia nzima alijiona mdogo, na kwa mara ya kwanza tangu moto ule akasinzia garini, kichwa kikigonga dirisha.

Hotelini hakurudi tena. Ila wiki haikuisha kabla Bi Harusi hajamkuta amechutama mbele ya jiko, mikono ikitetemeka, makaa yameshika. Aliufokea moto, akamfokea na mkewe anayemtazama.

Alhamisi iliyofuata alimsimulia Bi Easter habari ya Kadii. Mshauri yule akauliza, "Na usingizi, baba, unapata?"

"Swali la kipumbavu," akasema Mahadhi. Akaegemea ukuta wa kibanda, akaanza kulijibu.