Uso wa Tabea

Kwa miaka miwili Lenard aliwapiga picha wanamuziki wa baa moja ya Makambako. Tabea, mwimbaji wao, alimwomba jambo moja tu: uso wake usionekane, kwa sababu baba yake alikuwa mwinjilisti huko Kidugala. Lenard akaahidi. Lakini picha iliyotoka vizuri kuliko zote ilikuwa ya uso ule, naye akaitundika kwenye maonyesho yake mjini Njombe.

Siku ya pili Tabea alikuja, akasimama mbele ya picha.

“Kaka Lenard, baba ameshaambiwa.”

“Nisamehe, dada. Naitoa sasa hivi.”

“Iache tu. Walioiona wameshaiona.”

Aliitoa hata hivyo. Wageni walipouliza pale ukutani palikuwa na nini, alishindwa kuwatazama.