Madaftari Saba ya Mwanaima

Dada yangu Mwanaima alianguka jikoni Jumatano asubuhi akikuna nazi, na Alhamisi adhuhuri tulikuwa tumeshamzika. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Wako waliosema ni kijicho, wako waliosema siku zake zilikuwa zimefika. Naandika haya sasa kwa sababu sauti yake imeanza kunitoka masikioni, na sitaki mengine yatoke pia.

Baada ya arobaini, Mama alinituma nikatoe nguo zake zigawiwe. Chini ya godoro nilikuta madaftari saba ya shule, yale membamba, yamepangwa vizuri kama yametoka dukani leo. Yalikuwa ya zahanati. Kwetu huku nyuma ya Msambweni, ukienda kutibiwa unabeba daftari lako, daktari anaandika humo, nawe unarudi nalo nyumbani. Na sisi tumelelewa kwamba mkubwa hapelekewi karatasi chafu. Daftari likishika mafuta au mkono wa mtoto, linawekwa kando, linanunuliwa jingine. Mwanaima alikuwa msafi kutushinda sote. Kila alipokwenda, alikwenda na daftari jipya.

Niliketi kitandani nikayafungua. Nilisoma mpaka kidato cha nne, kwa hiyo nambari hazinishindi, na BP najua ni presha. Daftari la kwanza: kichwa, BP 148/94, panadol. La pili: kichwa na kizunguzungu, 156/100, panadol. La tatu, 160/102. Yakapanda hivyo hivyo mpaka la saba, 188/116, wiki tatu kabla hajaanguka. Miezi kumi na minne. Miandiko ilikuwa ya watu mbalimbali, na kila mmoja alikuta ukurasa mweupe, akadhani kichwa hicho kimeanza jana.

Nilimwita Mama nikamwonyesha.

"Yeye hakuuliza?" nilisema. "Mara saba, Mama, hakuuliza hizi nambari ni za nini?"

"Daktari haulizwi, Chiku. Ukimwuliza ni kama unamfundisha kazi."

Alisema hivyo kwa upole, jinsi alivyotufundisha tulipokuwa wadogo. Hapo ndipo nilipojifikiria mwenyewe, si Mwanaima tena. Mimi nami kichwa kilikuwa kikiniuma tangu Ramadhani. Mimi nami nilikuwa na madaftari matatu, ndani ya droo ya cherehani, yote safi. Nilikimbia nikayatoa. La kwanza 144/92. La pili 158/100. La tatu halikuwa na presha kabisa, panadol tu. Nilikuwa njia moja na dada yangu, nyuma yake hatua chache.

Mimi ni fundi wa kushona. Niliyapanga yote kumi kwa tarehe nikajaribu kuyapitisha kwenye cherehani, sindano ikavunjika na mafuta ya mashine yakadondokea jalada. Nikayashona kwa mkono, kwa sindano ya magunia, yakawa kitu kimoja.

"Utampelekea daktari furushi hilo?" Mama aliuliza.

"Nitampelekea."

"Na doa hilo la mafuta?"

"Na doa lake."

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu. Bi Kanze, muuza samaki, aliliangalia furushi mapajani mwangu.

"Ala, Chiku! Umekuja kutibiwa ama umekuja kusomesha?"

"Nimekuja kutibiwa, Bi Kanze."

"Basi mimi naenda nyumbani nikapike. Ukifika ukurasa wa mwisho, nitumie mtu."

Benchi zima likacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, kisha nikaitwa.

Ndani kulikuwa na muuguzi mgeni, Beryl, kutoka bara, ana miezi mitatu tu hapa kwetu. Alikuwa ameshashika kalamu.

"Sasa, auntie, leo ni nini?"

"Kichwa. Kina miezi."

"Nitakupea panadol, upumzike, na ukunywe maji mingi."

"Nipime presha kwanza."

"Mashine imeisha betri, auntie. Kuja Ijumaa."

Mdomo wangu ulikuwa tayari umeshasema, "Haya, asante." Nilikuwa nimeshasimama, mkono u mlangoni. Nusura nitoke. Sijui hata leo ni nini kilichonigeuza.

"Inatumia betri gani?"

Akaipindua mashine. "Nne, zile ndogo."

"Naenda dukani. Nafasi yangu isichukuliwe."

Nilipopita kwenye benchi, Bi Kanze akasema, "Kitabu kimeisha?" Nikamwambia bado.

Niliporudi, Beryl alitia betri, akanifunga mkono, mashine ikanguruma. 194/120. Hakuniangalia mimi, aliiangalia mashine. Akapima mkono wa pili.

"Umetembea haraka," alisema.

"Nimetembea haraka. Ngoja nitulie, upime tena."

Tulingoja dakika tano. 192/118.

Akalivuta lile furushi, akaanza kufunua. Ile haraka ya mwanzo ilikuwa imemtoka usoni.

"Huyu Mwanaima ni nani?"

"Dada yangu. Tumemzika."

Alisoma yote. Kisha akarudi mwanzo, akaweka kidole chini ya maandishi madogo pembeni ya ukurasa. "Hapa wameandika TCA."

"Ndiyo nini?"

"Arudi. Arudi baada ya wiki moja, apimwe tena." Akafunua. "Hapa pia." Akafunua. "Hapa pia."

"Hakuna aliyemwambia kwa mdomo."

"Na akirudi, anarudi na daftari haina kitu," alisema polepole. "Hata mimi ningemwandikia panadol."

Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia. Nilimwambia, "Niandikie kwa Kiswahili. Naumwa nini, nameza nini, narudi lini. Kisha nisomee, na mimi nikusomee."

Aliandika. Alinisomea, nami nikamsomea. Presha ya juu sana. Kidonge kimoja kila siku, bila kuacha hata nikijisikia mzima. Leo hii, si kesho, hospitali kubwa, wakanipime mkojo, figo na moyo. Ijumaa nirudi hapa na daftari hili hili.

Kisha akainuka, akafungua kabati la ukutani, akatoa pakiti. Vidonge vyenyewe vidogo, havifiki hata punje ya kunde.

"Meza moja sasa, nikiona."

Nikameza.

"Hivi vimeletwa lini?"

"Nilivikuta hapa nikikuja."

"Wewe umekuja dada yangu bado yu hai."

Akaangalia tarehe ya daftari la saba. "Ndiyo," alisema. "Vilikuwa hapa."

Kutoka kwenye kabati lile mpaka kwenye kiti cha mgonjwa ni hatua tatu. Nilizihesabu kwa macho, nikazihesabu tena. Niliinuka nusu, nikarudi kitini, macho yangu pale pale. Beryl akanishika bega haraka.

"Auntie, unaona giza?"

"Hapana," nikamwambia. "Naona kabati."