Uzito wa Mbele

Levina alishika mkono wa tela, ule wa chuma unaoungana na gari, akaunyanyua kwa vidole vitatu. Ulikuja juu bila ubishi, kama kifuniko cha sufuria. Mashua mpya ilikuwa imeshafungwa kamba juu ya tela, tayari kwa safari ya Kigoma.

"Mwepesi mno," alisema.

"Ndio ufundi wenyewe, Mama Agnetha," alijibu Fundi Abasi. Karakana yake ya mtaa wa Ng'ambo ilikuwa ikiunda mikokoteni ya ng'ombe tangu enzi za baba yake. "Mzigo ukilalia mbele, shingo za ng'ombe zinachubuka. Nimeusawazisha juu ya ekseli."

"Leo ng'ombe ni mimi," alisema Amon, shemeji wa Levina, kutoka kwenye usukani wa pikapu. "Nionee huruma, shemeji, niondoke."

Levina hakucheka. Tangu Julai, alipomzika mumewe, Raymundi, mambo yalimfikia kama redio ya jirani: aliyasikia, hayakumhusu. Raymundi alipinduka na gari, akiivuta mashua ya kwanza, kwenye mteremko wa kuelekea Malagarasi. Watu walisema alikimbiza gari. Levina aliamini, akapika, akapokea wageni, akamaliza matanga kwa macho makavu.

Lakini mikono yake haikusahau kazi. Misimu sita aliendesha trekta kule Sikonge, akivuta matela ya tumbaku.

"Tela la gari lazima lilielemee gari kidogo," alisema. "Uzito ukibaki nyuma, mteremkoni mkia unaanza kucheza. Ukishacheza, dereva ni mkia. Fungueni kamba, mashua isogee mbele."

Amon alizima injini, akashuka. Wakasukuma watatu, shibiri moja, kisha ya pili. Levina alipounyanyua tena ule mkono, ulidai mikono yote miwili na mgongo. Wakaushikiza kwenye gari, pini ikaingia, minyororo miwili ikapishanishwa chini yake. Kamba zikakazwa upya. Amon akakanyaga breki. Taa zote mbili za tela zikawaka.

Levina alipogeuka, Abasi alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu.

"Tela lile la Julai," alisema, "nililisawazisha vilevile."

Abasi aliutazama ule mkono wa chuma.

"Raymundi aliniuliza, mbona mkono mwepesi. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa."

Amon alimtazama fundi, kisha akamtazama Levina. "Shemeji?"

"Nenda," alisema Levina. "Mteremkoni tumia gia ndogo. Ukifika Urambo, simama ukague kamba."

Pikapu ikaondoka. Tela lilifuata limenyooka, likapita kona, mlio wake ukapotea. Levina hakwenda nyumbani. Aliketi kwenye tairi lile, ubavuni pa Abasi. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Julai.