Firigisi ya Mwenye Nyumba

Kabla ya alfajiri, mfuniko wa sufuria uligonga kidogo, ukanyamazishwa upesi. Kukhu Roda akafumbua jicho moja. Mjukuu wake Jael, aliyelala mkekani katika chumba chake cha Kakamega ili bibi apate kitanda, alikuwa anamchemshia maji ya kuoga.

Kule Matungu wana wa Roda walikuwa wamemtuma waziwazi, na Jael alijua: “Mama, mrudishe huyo msichana. Hajaolewa, anakaaje peke yake Kakamega?”

Mchana Jael alipika jogoo aliyeletwa na bibi. Firigisi akaifunga kwenye karatasi.

“Mpelekee Baba Wekesa kule Matungu, Kukhu. Ndiye mwenye boma letu.”

Roda akaifungua, akaiweka kwenye sahani ya Jael.

“Kukhu! Firigisi huliwa na mwenye nyumba!”

“Na nyumba hii ni ya nani? Ya paka?”

Jael akacheka mpaka akafuta machozi. “Kwa hivyo hunirudishi?”

“Utakuja Krismasi, kama watoto wengine. Baba zako nitawaambia mwenyewe kwamba nilikuta mji wa mtu, nyumba kamili. Kula, inapoa.”

Jael akaitafuna polepole, macho chini.

“Kukhu, uje tena. Jogoo wa siku hiyo nitanunua mimi.”