Sifuri Niliyoikataa

"Babu, umepata sifuri," Kindness, tunayesoma naye, akaniambia Jumatatu, akanisogezea simu yake. "Mfumo umeandika ulichelewa."

Nina miaka sitini na tisa. Shule niliionja vipande vipande, miaka mitatu Rombo, mmoja Himo, kisha malori na mlima vikanichukua. Sasa nasoma kituo cha watu wazima hapa Moshi, nataka cheti cha kidato cha nne macho yakiwa bado yanaona. Kazi zote tunatuma kwenye darasa la mtandaoni. Mwenye sifuri hata moja haandikishwi mtihani.

"Na sisi tisa tulichelewa," Kindness akaendelea. "Tumeomba radhi, tukapewa nusu. Mpelekee mwalimu isale, hawezi kukataa."

Darasa likacheka. Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya ukoo. Ukimpelekea uliyemkosea, hana budi kukusamehe.

"Isale ni la mwenye kosa," nikasema. "Kosa langu lipi?"

Mwalimu Flavia akaingia. Angeweza kuwa kitinda mimba wangu.

"Shikamoo, mzee Eliona."

"Marahaba, mwalimu. Sifuri yako siitaki."

"Si yangu, mzee, ni ya mfumo. Ulituma saa kumi jioni, mlango umeshafungwa."

"Ulifungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni, kama nilivyosema."

"Kati ya kumi na kumi na mbili, ipi inatangulia?"

Akaitazama kompyuta yake. "Mfumo haukosei, mzee wangu."

"Basi ufungue tuuone."

Akageuza kompyuta. Pameandikwa: Ijumaa, 12:00.

Nilibeba mizigo ya wageni mlimani miaka kumi na mmoja. Wiki ya kwanza mgeni aliniagiza chai ya saa nane, kwa saa ya kwao. Mimi nikampelekea saa nane mchana. Nilitukanwa hadi getini. Hesabu hiyo sijaisahau.

"Hiyo kumi na mbili ya mashine ni saa sita mchana, mwalimu. Ulitakiwa kuandika kumi na nane."

Akashika mdomo. "Jamani! Nitakurekebishia baada ya kipindi."

"Sasa hivi. Na hawa tisa wapewe alama zao kamili."

"Mzee, unaniaibisha mbele ya darasa."

"Sifuri yangu imesomwa mbele ya darasa hilihili."

Kindness akanivuta shati. Sikukaa. Mwalimu akabofya, jina moja baada ya jingine, mpaka akafika kwangu. Akaisoma kazi yangu yote pale pale, nimesimama.

"Thelathini na moja kwa arobaini," akasema. "Swali la nne umekosea."

"Tutalizungumza."

Jumanne nikakuta jani la isale juu ya dawati langu, bado lina umande. Nikatazama mbele. Mwalimu Flavia alikuwa anafuta ubao, hageuki. Nikalipokea, nikaliweka ndani ya daftari.

Ila lile swali la nne, hadi leo nabishana naye.