Senti Kumi Iliyopanda Juu ya Kanisa

"—haiko! Mwaitu, haiko! Ile ya shimo haiko!"

Kavindu alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati ya vyombo, mkono umezama mpaka bega nyuma ya sahani za wageni, na kelele zake zilikuwa zimefika mbali. Jirani wa upande wa pili wa ukuta aligonga mabati mara mbili, kumaanisha punguza.

Mama yake alisimama mlangoni na beseni ya nguo. Yeye alizaliwa Machakos, na miaka ishirini na tano ya Kawangware haijamfundisha kuharakisha neno.

"Unatafuta nini kwa sahani zangu?"

"Bahasha. Bahasha ndogo ya kaki. Niliiweka hapa Jumamosi jioni."

"Ile ya kanisa?"

"Si ya kanisa, Mwaitu, ni ya—"

Akanyamaza, kwa sababu kusema kweli ilikuwa ya kanisa. Kila nyumba ya Gatina, mtaa wao, inayosali pale kwa Pasta iligawiwa bahasha kumi na mbili mwezi wa kwanza, zimeandikwa UJENZI WA PAA, na chini yake mstari wa jina. Kavindu hakuwa ametumia hata moja. Jumamosi alikuwa anatafuta kitu kidogo, kisafi, kisicho na vumbi, cha kuwekea sarafu ya watu. Akachukua moja. Na ili isipotee, akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

"Niliipeleka jana," mama akasema, uso umemjaa furaha. "Nikasema, ona Mungu! Tangu Januari huyu mtoto hajatoa kitu, na leo ameweka mwenyewe bila kusukumwa. Nilitembea nayo mkononi njia yote ndio watu waone."

"Ngai wangu," Kavindu akasema, akakaa chini kabisa.

Sasa, hiyo sarafu haikuwa yake. Ingekuwa yake angelia kidogo, anywe chai, maisha yaendelee. Ilikuwa ya Ken Ogola wa Silanga, mkusanyaji mwenzake, na Ken alikuwa anakuja kuichukua siku hiyo hiyo, Jumatatu, saa kumi.

Wacha ieleweke Kavindu ni mtu wa aina gani. Ana diploma ya mambo ya maktaba, anafanya kazi kwa saiba, duka la intaneti karibu na nyumbani kwao, na tangu mwaka wa kwanza wa koleji anakusanya sarafu. Ugonjwa wenyewe alipewa na rafiki yake Aluoch, anayeuza mikoba ya mitumba kule soko la Toi. Ukifungua belo ya mikoba, kwanza unapitisha vidole ndani ya kila mfuko na kila mahali kitambaa kimeshonoka, kwa sababu wazungu husahau vitu. Aluoch hutafuta noti. Sarafu humtupia Kavindu. Ndivyo alivyopata yenye kinubi, yenye mfalme asiye na kidevu, na ile anayoipenda kuliko zote, ndogo, ya rangi ya asali, yenye samaki wawili. Akipata mpya huwa hawezi kula. Anaiweka juu ya kibodi pale kazini, anaiangalia, anajiuliza nani aliishika mwisho na alikuwa anataka kununua nini.

Lakini kukusanya pia kuna kero zake. Binamu yake alizisugua kumi na mbili kwa stilwaya ya kusugulia sufuria na majivu ili "zing'ae", na tangu siku hiyo Kavindu hakumwita binamu tena, alimwita Stilwaya. Na kila mara kukizuka uvumi kwa simu ati sarafu za zamani zinanunuliwa kwa milioni, watu hupanga laini nje ya saiba. Mtu anakuletea kobole ya juzi, shilingi tano ya kawaida kabisa, anasema, "Hii nitakuachia na elfu themanini, kwa sababu ni wewe." Ukimwambia nenda ununue nayo peremende, anaondoka akikuita mwizi.

Kitu alichotaka zaidi kilikuwa senti kumi za shimo, zile za Afrika Mashariki za wakati wa mkoloni, zenye pembe za ndovu kando ya tundu. Alitaka moja ya kila mtawala aliyetajwa juu yazo. Alikuwa nazo zote, hadi ya 1964 isiyomtaja mfalme wala malkia. Zote isipokuwa ya yule mfalme wa 1936, aliyekiacha kiti hata mwaka haujaisha. Si ati ni ghali sana. Mtandaoni zinapatikana. Lakini Kavindu alikuwa amejiwekea sheria: hanunui. Ataipata, atapewa au atabadilishana, basi.

Ken alikuwa nayo. Aliichimbua kwa shamba lake la sukuma wiki kando ya lile bwawa la kwao, Dam, akidhani ni kifuniko. Ken ni mrefu, haongei sana, na hunawa mikono kabla ya kushika sarafu, halafu anaishika kwa ukingo kama mtu anayeshika kipepeo. Hajawahi kumwazima mtu kitu. Kavindu alipomwambia, "Nataka tu kuona mstari wangu ukiwa mzima, wiki moja," Ken alifikiria siku tatu, kisha akaileta. "Wewe nakuamini," akasema, na masikio yake yakawa mekundu. Kwa mtu mweusi vile hiyo si kazi rahisi. Aluoch alipigiwa simu dakika hiyo hiyo.

Kwa hivyo saa nane na nusu Kavindu alitoka mbio, slipa moja yake na nyingine ya mama, mpaka kanisani.

Mweka hazina wa kanisa, Mama Mercyline, huuza makaa pale pale mlangoni. Alipomwona tu akaacha kupima.

"Kavindu! Wewe ndio natafuta. Unajua jana ulinipea aibu gani? Na hukuwa hata umekuja!"

Hakuwa amekuja kwa sababu Aluoch alikuwa anafungua belo. Hilo hakulisema.

"Nimesimama mbele ya watu nasoma bahasha za paa. Nasambu, mia tano, makofi. Kavoi, elfu mbili, makofi mpaka benchi zinatingika. Kavindu Mulei..." Mercyline akafungua kiganja kilichojaa masizi, akakitazama. "Nikageuza. Nikageuza tena. Nikasema, senti kumi. Kanisa ikanyamaza! Hata mtu wa kinanda akatoa mikono. Halafu nikasikia makofi huko nyuma, pa pa pa, ya mtu mmoja. Mama yako."

"Mama Mercyline, nisamehe, ilikuwa makosa. Iko wapi?"

"Ningeipeleka benki? Hiyo pesa ilikufa kabla mimi nizaliwe. Nilipatia fundi asubuhi. Alikuwa analia ati raba za misumari zimeisha."

Juu ya vichwa vyao nyundo ikalia: pa! pa! pa!

Kavindu aliinua macho polepole. Fundi Muema alikuwa amekaa juu ya mabati mapya kama mtu aliye kwa sofa yake, misumari mdomoni.

"Fundi! Ile senti ya shimo!"

Muema akatema misumari mkononi. "Eee! Hiyo ni dawa. Raba iliisha, nikaitia kwa msumari, imekaa kama ilizaliwa nayo. Maji haipiti hapo mpaka Yesu arudi."

"Itoe!"

"Nitoe? Wingu ile huioni?" Alionyesha upande wa Ngong, na kweli huko kulikuwa kweusi. "Pasta akinyeshewa katikati ya mahubiri utasema ni wewe?"

Hapo simu ikatetemeka. Ni Ken. *Nimewahi. Niko hapa nje ya saiba.* Saa yenyewe ilikuwa tisa tu! Kavindu akaandika, *niko kanisa*, na Ken akajibu, *sawa, maliza maombi*. Kavindu akatupa slipa zote mbili, akapanda ngazi.

Mabati yalikuwa ya moto kama kikaango. Alitambaa kwa magoti mpaka pale Muema alipoelekeza, na akaiona: duara dogo la kahawia chini ya kichwa cha msumari, pembe za ndovu zikimchungulia. Alitaka kucheka. Alitaka kulia. Alipogeuza shingo akamwona Ken chini, amechoka kungoja akamfuata, ameshika mfuko wa sukuma aliyowaletea, amekunja uso kwa jua.

"Kavi? Mbona uko juu ya kanisa?"

"Ken, usikasirike."

"Sijakasirika. Nauliza tu."

"Sarafu yako iko hapa."

"Iko hapo."

"Iko hapa. Lakini iko na msumari."

Ken aliweka sukuma chini vizuri, akafuta mikono kwa suruali, akaanza kupanda.

"Wewe!" Muema akapiga kelele. "Hiyo ngazi inabeba mtu mmoja na dhambi zake! Sasa mko wangapi?"

Lakini Ken alikuwa tayari juu, na Kavindu alikuwa amemweleza yote kwa pumzi moja, bahasha, Mwaitu, belo, makofi. Muema aliwatazama, akaguna, akatia meno ya nyundo chini ya msumari. Ulitoka ukilia kwiiii. Sarafu ikaanguka kwa kiganja cha Kavindu, ikiwa bado na joto la mabati.

Ukingo mmoja ulikuwa umepigwa na nyundo. Alama ndogo, lakini ya kuonekana, imepita juu ya ncha ya pembe. Kwa mtu mwingine si kitu. Kwa mkusanyaji ni kama mtu amekukata nyusi ukiwa umelala.

Ken aliichukua kwa ukingo. Akaigeuza upande huu. Akaigeuza upande ule.

"Imeumia," akasema.

"Chagua yoyote yangu," Kavindu akasema. "Yoyote, Ken. Hata ile ya samaki."

Ken alijua ya samaki ni nini kwake. Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu apande.

"Nyinyi watu," Muema akaingilia, "mko kwa mazishi ya senti kumi moja. Na hizo je?"

Alinyoosha nyundo kuelekea nyuma ya kanisa, ile sehemu ya zamani ambapo watoto husomea Jumapili. Mabati ya huko ni mekundu kwa kutu, hata paka huyakwepa. Kavindu aliangalia, hakuona kitu. Akaangalia tena. Chini ya kila msumari kulikuwa na duara.

Alianza kuhesabu. Alipofika sitini akapotea.

"Fundi wa kwanza hapa alikuwa Kimanzi," Muema akasema. "Ndio alinifundisha kazi. Hizo senti dukani zilikuwa zimekataliwa, na raba hakukuwa. Wewe ulidhani mimi hiyo akili nilitoa wapi?"

Miaka yote hiyo! Miaka yote Kavindu alikaa chini ya lile paa akiimba, akiliangalia wakati maombi yamekuwa marefu, na zilikuwa juu ya kichwa chake, zimepigiliwa safu kwa safu.

"Hiyo mabati inatoka lini?" Ken akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kesho saa mbili asubuhi. Yote naipeleka kwa mtu wa skrepu."

"USIPELEKE!" wakasema wote wawili, na mabati yakatingika.

Chini, Mama Mercyline aliinua kichwa haraka sana. "Ni pesa? Fundi, umesikia? Ni milioni?"

"Si milioni, Mama," Ken akajibu. "Nyingi hazifiki hata bei ya chai na mandazi. Lakini tunazitaka."

Mercyline alifikiria, mikono kiunoni. Hakuchukua muda. "Basi kila mtakayotoa, mtaleta raba mpya na msumari mpya wa paa jipya. Na Kavindu, bahasha. Ya ukweli. Hiyo naisoma Jumapili kwa sauti, na uwe umekuja."

"Nitakuja."

"Mbele. Si nyuma."

Matone ya kwanza yakaanza kugonga. Muema akachukua msumari wenye raba kutoka mfukoni, kumbe alikuwa amebakisha mmoja, na akaziba lile tundu kwa mapigo matatu. Wakashuka mmoja mmoja, Kavindu wa mwisho, na alipofika chini Ken alikuwa anamngoja kando ya ngazi, ngumi imefungwa.

"Nyoosha mkono," akasema.

Akaiweka sarafu kiganjani mwake, alama ikiwa juu.

"Si wiki ilikuwa imeisha?" Kavindu akauliza.

"Kaa nayo mpaka mstari wako ujae. Pengine mfalme wako yuko huko juu, pengine hayuko. Kesho tutaangalia pamoja." Masikio yake yakaanza tena kuwa mekundu. "Lakini Kavi, tafadhali. Isiwe kwa bahasha."

Na halafu akasema kitu kingine, kisichohusu sarafu, kwa sauti ya chini, mvua ikipiga mabati ya Mercyline ya kufunikia makaa.

Robo saa baadaye Kavindu alikuwa nyumbani, nywele zimelowa, sarafu imefungwa kwa leso safi na leso imewekwa kwa mkebe na mkebe uko mapajani, anapiga kelele kwa simu. Kule Toi Aluoch alikuwa amekimbilia chini ya turubai na mikoba yote, na hakuwa anamwacha apumue.

"Sitini? Juu ya kanisa? Yawa! Na yeye alisema nini?"

"Alisema tuangalie pamoja."

"Hiyo nimesikia. Baada ya hiyo. Umesema kulikuwa na kingine."

Mama alikuwa anakata sukuma ya Ken mezani, kisu kimesimama hewani, sikio lote liko kwa simu.

"Aluoch, Mwaitu yuko hapa."

"Basi nong'ona!"

"Siwezi, nitacheka. Sikiza. Kesho mabati ya kwanza inatoka saa mbili. Nikishuka tu kwa ngazi nakuja Toi hata kabla sijanawa kutu, uniwekee kiti na chai. Kesho nakuambia kama mfalme alikuwa huko, na nakuambia vile Ken alisema, neno kwa neno."